Mtoto wa mbwa, aliyekomaa au mzee? Kuchagua mbwa wa kuokolewa ukiwa unaishi ghorofani

Watu wengi hufika kwenye kituo cha mbwa waliookolewa wakiwa na swali moja tu: yupi mzuri? Wanapita mbele ya mabanda, mmoja anawatazama kwa jicho la huruma, mwingine anarukia wavu, na ndani ya nusu saa uamuzi wa miaka kumi na zaidi umeshapita. Nami nilichagua hivyohivyo mara ya kwanza. Nilichukua mtoto wa mbwa wa wiki 9, chotara mweusi mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala, nikampandisha ghorofa ya nne, na Jumatatu nikaenda kazini. Jioni nilikuta amekwangua mlango mpaka rangi imetoka, amejisaidia sehemu sita (nilizihesabu wakati wa kudeki), na jirani wa chini amepachika karatasi mlangoni. Ilikuwa na neno moja: "Tafadhali."

Yule alikuwa mbwa mzuri tu. Angemfaa mtu anayeshinda nyumbani, na baada ya wiki tano alimpata mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo hapa chini nalinganisha kwanza umri, maana ndio unaoamua saa zako zitakwendaje, kisha mahali mbwa anapotoka, halafu ukubwa, ambao watu huutanguliza ilhali ungeweza kusubiri.

Mtoto wa mbwa na mbwa aliyekomaa

Kuna kanuni ya kukadiria ambayo madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa huitumia sana: mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi mitatu, saa tatu hivi, tena awe ametulia. Sasa ipandishe hesabu hiyo ghorofani. Unamwona anazunguka pua ikiwa chini, unavaa viatu, unatafuta funguo, unasubiri lifti inayosimama kila sakafu, na mkifika chini ameshamaliza haja zake miguuni pa mtu wa ghorofa ya sita. Mwenye nyumba yenye uwanja hufungua mlango wa nyuma, basi. Wewe una safari ya dakika tano ndani ya jengo la watu wengi, mchana na usiku, kwa miezi kadhaa.

Tatizo la pili halionekani haraka, ila ndilo zito. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu kubwa: watu wa kila sura, mbwa wengine, honi, miamvuli, magurudumu. Wanasayansi John Paul Scott na John L. Fuller walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi nchini Marekani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1965 bado yanategemewa na wakufunzi. Lakini chanjo nazo zina kalenda yake. Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na hazikamiliki mpaka afikishe wiki 16 hivi. Katikati hapo kuna parvo, virusi vya kuharisha damu ambavyo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, na mjini kila kipande cha nyasi kimeshapitiwa na mbwa wengi. Yaani muda wa kuzoea mji unakwisha kabla kinga haijakamilika. Watu wa ghorofani hulitatua hili kwa kumbeba. Mtoto anakaa kifuani au kwenye begi, asikanyage chini, na kila siku anapelekwa akaone basi likisimama, watoto wakitoka shule, mtu anayesukuma mkokoteni. Inafanya kazi. Ila kila siku maana yake kila siku, hata ile uliyorudi umechoka.

Mbwa aliyekomaa, tuseme wa miaka 2 hadi 7, hulala saa 12 hadi 14 kati ya 24 na huweza kungoja saa 6 hadi 8 bila kutoka. Ukubwa wake unauona kwa macho, na hili si dogo. Mtoto chotara unayeambiwa "huyu hatakua sana" anaweza kufika kilo 30, na mikataba ya fleti mara nyingi ina kikomo cha kilo. Zaidi ya yote, tabia yake imeshajitokeza. Kama anabweka akisikia hatua kwenye korido, utamsikia anabweka. Kama anawaogopa watoto, atajificha nyuma yako siku ya kwanza. Kwa mtoto wa mbwa unanunua mbuzi kwenye gunia, hata kama gunia ni zuri.

Nao waliokomaa wana madeni yao. Historia yao huwa na kurasa zilizochanika. Mmoja hukimbia akiona ufagio, mwingine hataki mtu mwenye kofia. Lakini deni linalowatoa watu wengi kwenye fleti ni kushindwa kubaki peke yake. Mbwa mwenye shida hiyo hachezi wala haharibu vitu kwa ukorofi. Ana hofu kali: anahema, anatoa mate, anachimba mlangoni, analia. Aghalabu huanza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya mlango kufungwa, hivyo ni rahisi kujua. Weka simu irekodi, toka, kaa chini ya jengo dakika 40, urudi uitazame. Akilala dakika ya kumi, una bahati. Akiwa bado analia mpaka mwisho, usimpe siku ya kazi nzima. Anza kwa dakika mbili, tano, kumi, na hapo utahitaji likizo au ndugu wa kukaa naye. Shida hii hutibika kwa watu wenye subira, lakini kuta nyembamba za ghorofa hazisubiri, na nyumbani kwenye uwanja mpana kilio hichohicho kingepotea hewani.

Hukumu yangu kwenye jozi hii ni wazi: ukitoka nyumbani kwa saa zaidi ya nne kwa siku na hakuna mtu mwingine ndani, mtoto wa mbwa si wako kwa sasa. Haijalishi moyo unasemaje.

Mzee

Huyu hupitwa na kila mtu, na mimi naona ndiye mpangaji bora kuliko wote. Mbwa wadogo huanza kuhesabiwa wazee wakiwa na miaka 10 hivi, wale wakubwa sana hata 7. Anataka matembezi mafupi mara tatu au nne, godoro zuri na mtu wa kukaa karibu naye. Hang'ati viatu. Kasoro ni mbili, ngazi na daktari. Viungo vikikaza, ghorofa ya tatu isiyo na lifti inakuwa mlima, na itabidi umbebe, basi jiulize kama unaweza kuinua uzito wake kila asubuhi. Meno, figo na moyo vitahitaji vipimo vya mara kwa mara. Pia kibofu kinaanza kurudi utotoni, kwa hiyo saa 8 za kungoja zisahau. Mtaishi pamoja miaka michache. Wapo wasioweza hilo, na hawana lawama.

Kituoni, kwa mlezi wa muda, au barabarani

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu mbwa yuleyule huonekana mbwa watatu tofauti kulingana na mahali unapomkuta.

Kituoni faida ni kwamba wapo wengi, unaweza kulinganisha papo hapo, na kwa kawaida wameshachanjwa, wamepewa dawa ya minyoo na wamehasiwa au kufungwa uzazi. Hasara ni kwamba kituo kinamficha mbwa. Kelele za mabandani zimewahi kupimwa zikapita desibeli 100, sawa na kukaa karibu na mashine ya kukata chuma. Ndani ya kelele hiyo mbwa mpole hujikunja pembeni ukadhani ni mgonjwa, na mchangamfu huonekana kichaa. Utafiti uliofanyika kwenye vituo 5 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata mbwa 207 waliopelekwa kulala nyumbani kwa mtu usiku mmoja au mbili. Homoni ya msongo wa mawazo ilishuka wakiwa huko na wakapumzika kwa muda mrefu zaidi, kisha homoni ikapanda tena waliporudi bandani. Kwa hiyo ulichokiona bandani ni mbwa aliyekosa usingizi. Omba umtoe nje. Mtembee naye dakika 20 mbali na wenzake, na usihesabu tano za kwanza.

Mlezi wa muda ni mtu anayemweka mbwa wa kituo nyumbani kwake mpaka apate mwenyewe. Kwa mtu wa ghorofani hiki ndicho chanzo ninachokipendelea, tena kwa mbali, na zaidi kama mlezi naye anaishi fleti. Yeye anajua mambo ambayo kituo hakiwezi kujua: kama mbwa hulala usiku kucha, hufanyaje kengele ya mlango ikilia, hupanda lifti, hukaa na paka, huachwa saa ngapi. Anajua hata kwamba huiba soksi. Hasara? Wako wachache, hukai ukachagua kati ya ishirini, na baadhi ya walezi wamempenda mbwa kiasi kwamba watakuhoji kama unaposa binti yao. Vumilia maswali. Mlezi anayeuliza sana ndiye anayejua mengi.

Wa tatu ni mbwa koko uliyemwona mwenyewe mtaani, mkazoeana, sasa unataka kumpandisha nyumbani. Watu hudhani huyu ameshazoea mji, basi fleti itakuwa rahisi. Ni kweli anajua magari kuliko mimi na wewe. Nimewaona wakingoja barabara itulie ndipo wavuke. Asichokijua ni ndani. Sakafu ya vigae inateleza, kioo kinamrudishia mbwa mwingine, mashine ya kufulia inanguruma bila kuwa na mwili, mlango unafungwa na haufunguki. Niliwahi kusaidia kumwingiza jike mmoja wa barabarani kwenye jengo. Alivuka njia nne za magari bila kupepesa jicho, lakini mbele ya lifti alilala kifudifudi, kucha zimekwaruza sakafu, macho yamekazia ule ufa mdogo kati ya sakafu na lifti. Tulipanda ngazi siku tisa. Siku ya kumi alivuka ule ufa mwenyewe, akifuata kipande cha nyama.

Laika, aliyerushwa angani na Umoja wa Kisovyeti tarehe 3 Novemba 1957, alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow. Waliomchagua waliamini kwamba mbwa wa barabarani ameshazoea baridi na njaa. Hata hivyo mbwa wa mpango ule walilazimika kuzoezwa vizimba vidogo, vikipunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu kubanwa ndiko kulikowatesa. Hadithi yake ni ya huzuni na siitumii kumsifu mtu, lakini kila nikisikia mtu akisema "huyu wa mtaani ni mgumu, atazoea tu," huikumbuka.

Kwa mbwa koko afya nayo ianzie kwa daktari kabla ya kitandani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu daima huua, kwa mbwa na kwa binadamu, na dalili huweza kuchelewa kwa wiki au miezi baada ya kuumwa. Daktari ndiye atakayesema achanjwe lini na aangaliwe kwa muda gani. Kupe huleta homa ambazo hazionekani kwa macho. Minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu hukaa takriban miezi 6 tangu kuambukizwa kabla kipimo cha kawaida hakijaiona, hivyo kama iko maeneo yenu, jibu safi la leo lirudiwe baada ya nusu mwaka. Halafu mkague kama ana chipu chini ya ngozi, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele chenye namba ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15. Huenda unayemwita koko ana mtu anayemtafuta.

Mkubwa mtulivu na mdogo asiyetulia

Kosa la kawaida ni kupima mbwa kwa mita za mraba za sebule. Greyhound aliyestaafu mbio ni mfano ambao wapenzi wa mbwa huurudia mpaka wanachosha, lakini ni wa kweli: anakaribia kilomita 70 kwa saa, ana kilo karibu 30, na nyumbani hulala kwenye kochi kama shuka iliyosahauliwa. Kwa upande mwingine Jack Russell, ambaye unaweza kumshika kwa mkono mmoja, alizalishwa kufukuza mbweha mashimoni, na akikosa shimo atatengeneza lake kwenye godoro. (Greyhound usimfungue kamba mtaani hata kidogo. Akiona paka, utabaki unamwita upepo.)

Ila usitegemee sana jina la aina, hasa kwa waliookolewa, ambao wengi ni machotara. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, uligundua kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kibao bandani kikisema "chotara wa hiki na kile," mara nyingi ni mtu aliyekisia kwa kutazama masikio.

Ukubwa una maana kwenye mambo matatu ya ghorofani: unaweza kumbeba umeme ukikatika na lifti ikasimama? Mwenye nyumba ameandika kilo ngapi? Na lifti ikijaa, jirani anayeogopa mbwa atasimama wapi? Jirani huyo ana sababu zake na hahitaji kukueleza. Mbwa mdogo anashinda kwenye yote matatu. Lakini kwenye kubweka mdogo mara nyingi hushindwa, na malalamiko ya majirani huja kwa kelele zaidi kuliko kwa kilo. Mwenye pua fupi iliyobonyea, mkubwa au mdogo, ana lake: mbwa hujipoza kwa kuhema, naye hahemi vizuri, kwa hiyo fleti ya juu inayopigwa na jua mchana kutwa inaweza kumuua.

Mmoja au wawili

Kituo kikisema wawili wamezoeana na hawatenganishwi, wasadiki, na uwachukue tu kama ungeweza kumudu kila mmoja peke yake. Watoto wawili wa tumbo moja kwenye fleti, hapana. Hufundishana ubaya na kukusahau wewe.

Kuasili moja kwa moja au kumlea kwanza

Vituo vingi hukuruhusu kumchukua mbwa kama mlezi wa muda, kisha uamue. Wapo wanaoiona njia hii kama kumjaribu mbwa kama nguo. Sikubaliani nao. Mbwa anayerudi baada ya wiki mbili akiwa na ripoti nzuri ("hapendi kuachwa, lakini anakaa na watoto vizuri sana") anapata nyumba haraka kuliko aliyerudi baada ya miezi minane kwa ugomvi na mwenye nyumba. Faida ya kuasili moja kwa moja, yaani kumchukua awe wako kabisa tangu siku ya kwanza, ni kwamba unajifunga, na wapo watu ambao wasipojifunga hawavumilii wiki ya pili, ambayo ndiyo ngumu.

Ni ngumu kwa sababu siku za mwanzo hazisemi ukweli. Watu wa vituo wana kanuni ya 3-3-3: siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kujifunza ratiba, miezi 3 mpaka ajione nyumbani. Si sayansi, ni makadirio ya watu walioona mengi, lakini inakutahadharisha na jambo moja: yule mpole wa siku ya tatu anaweza kuanza kubweka siku ya ishirini, kwa sababu ndipo ameamua kwamba mlango ule ni wake. Ukiamua kurudisha au kubaki naye, uamue baada ya hapo. Ndani ya kipindi hicho tembea naye na kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa mgeni akishtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa, na mjini hajui njia ya kurudi. Baraza nayo izibwe kwa wavu kabla hajafika.

Mimi ningechagua hivi. Mtu wa kazi ya nje, anaishi peke yake: aliyekomaa kutoka kwa mlezi wa muda anayeishi fleti, aliyethibitishwa kubaki peke yake angalau saa sita, ukubwa wowote ambao mkataba unaruhusu. Anayefanya kazi nyumbani na ana lifti: mzee, au aliyekomaa mwenye hofu ya kuachwa, maana ni wewe pekee unayeweza kumpa muda huo. Familia yenye mtu mzima nyumbani mchana kutwa na subira ya kweli: hapo ndipo mtoto wa mbwa anaingia kwenye mazungumzo, na ningeuliza mara mbili. Mbwa koko uliyeshikana naye urafiki: ndiyo, kama una wiki kadhaa za kupanda ngazi.

Na kabla hujasaini, omba ruhusa umlete kwenye jengo lenu kwa saa moja. Mpitishe kwa mlinzi, simameni mbele ya lifti ikifunguka na kufungwa mara tano bila kuingia, kisha kaeni sakafuni kwenye korido yako, mlango ukiwa umefungwa. Kama baada ya dakika kumi ameweka kidevu chini, rudi ukachukue karatasi zake.